Maswali yenu: marathoni, mashine au barabara?

Kocha, nimejiandikisha marathoni yangu ya kwanza. Kazi inanibana, nafasi naipata usiku tu, kwa hiyo nakimbia kwenye mashine ya kukimbilia ndani (treadmill) siku zote. Nitamaliza kweli?

Kumaliza unaweza. Christine Clark, daktari na mama wa watoto wawili aliyekuwa akiishi Anchorage, Alaska, alifanya sehemu kubwa ya mazoezi yake kwenye mashine kwa sababu ya theluji na barafu. Februari 2000 akashinda mbio za mchujo za Marekani za kutafuta tiketi ya Olimpiki, kwa saa 2:33:31. Moyo na mapafu havijui kama uko ndani au nje.

Ninachohofia ni miguu yako. Sakafu ya mashine hubonyea kidogo kila unapokanyaga. Lami haina huruma hiyo. Anayekutana na lami kwa mara ya kwanza siku ya mbio, tena kwa kilomita 42.195, mwendo ukifika kilomita ya 30 atajuta. Tafuta japo asubuhi moja kwa wiki utoke nje, na polepole uifanye hiyo ndiyo siku ya mbio ndefu. Usianze na masafa marefu papo hapo, maana miundi na mashavu ya miguu ndiyo yatakayolalamika mwanzo.

Naambiwa lazima mashine niiinue mbele, mwinuko wa asilimia 1, la sivyo najidanganya. Kweli?

Inategemea kasi yako. Ushauri huo umetokana na utafiti wa Jones na Doust wa mwaka 1996, uliopima wakimbiaji wenye mazoezi kwa kasi ya kati ya kilomita 10.5 na 18 kwa saa. Nje unaipasua hewa, ndani huipasui, na mwinuko huo mdogo ulifidia tofauti hiyo. Lakini anayelenga kumaliza kwa saa 5 anakwenda kama kilomita 8.4 kwa saa, na hapo hewa anayoisukuma ni kidogo mno kumkosesha usingizi. Mimi napenda mwinuko ubadilishwe-badilishwe kwa sababu nyingine: hatua ileile moja, ikirudiwa saa nzima, huchosha sehemu zilezile za mguu.

Mashine inaniandikia kilomita 12 kwa saa, saa yangu ya mkononi inasema vingine, na nikitoka nje siiwezi kasi hiyo kabisa. Nani mwongo?

Huenda wote wawili. Saa yako ikiwa ndani haioni setilaiti, inakisia tu kwa jinsi unavyopunga mkono. Mashine nayo ikishatumika sana hupoteza usahihi.

Ipime. Mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, pima urefu wa mkanda wote, mzunguko mzima, kisha bandika kipande cha tepu ukingoni mwake. Panda ukimbie, mwenzako ahesabu tepu inapita mara ngapi kwa dakika moja. Wewe uwe juu yake, kwa kuwa mkanda ulioelemewa na uzito unaweza kupunguza mwendo. Tuseme mkanda una mita 3.2 na umezunguka mara 60: hizo ni mita 192 kwa dakika, yaani kilomita 11.5 kwa saa. Hiyo 12 ya kwenye kioo ni mapambo.

Na kama huwa unashika vishikio, basi hesabu yote ifute. Mikono ikibeba sehemu ya uzito, miguu haijafanya kazi unayoandikiwa.

Mbona kwenye mashine natoka jasho zaidi, na mapigo ya moyo yanapanda?

Umesimama mahali pamoja, upepo haukupiti, jasho halikauki, mwili unachemka. Weka feni mbele yako.

Njia ya mbio nilizochagua ina miteremko mingi. Mashine itaniandaa?

Hapana, na hapa sitafuni maneno. Mashine nyingi hazishuki chini ya sifuri. Kwenye mteremko misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: inakaza huku ikivutwa, na huko ndiko kuumia. Marathoni ya Boston, Marekani, inajulikana kwa hilo. Mbio zinaanzia Hopkinton, zaidi ya mita 130 juu ya pale zinapoishia, watu wanateremka kwa raha zao, halafu kilima cha Heartbreak Hill, baada tu ya kilomita ya 32, kinawakuta mapaja yamekwisha. Tafuta mteremko wa kweli, usio mkali, ukimbie hapo mara moja kila baada ya wiki moja au mbili. Wiki mbili za mwisho uache.

Je, kilomita 30 kwenye mashine ni wazimu?

Kukiwa na radi, au barabara haina usalama, si wazimu. Ila jua mapema kama mashine yako hujizima yenyewe baada ya dakika 60, kwani nyingi ziko hivyo. Ikijizima, iwashe tena. Hiyo siyo ruhusa ya kwenda kuoga.