Nahodha haachi chombo, rubani hupokezana

Ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini ilikuwa na watu saba na sahihi moja, ya Mzee. Malipo ya kampuni ya meli, karatasi za ushuru, hata mafuta ya pikipiki, yote yalipita mezani kwake. Na kazi ilikwenda, sitamsingizia. Mteja akipiga simu alipata jibu moja.

Kisha Mzee akaenda Umra, na kontena la vigae likashuka Kilindini, bandari ya Mombasa, siku ya pili yake. Mzigo wa humu nchini hupewa siku chache za bure, baada ya hapo storeji, yaani ada ya kukaa bandarini, huhesabiwa kwa dola. Sisi sita tuliijua kila hatua iliyobaki, lakini hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuichukua. Tukapiga simu Makka, inaita tu. Mtu yuko kwenye tawafu, atashikaje simu?

Aliporudi na kuiona bili, akasusa: "Haya, endesheni nyinyi." Tukawa wakuu watatu kwa mpigo. Mteja mmoja aliambiwa na mwenzangu mzigo utatoka Jumatano, mimi nikamwambia Alhamisi. Siku nyingine hati ya kuachilia mzigo ilishinda kwenye droo asubuhi hadi magharibi.

"Nalidhani umepeleka wewe."

"Mimi? Nalidhani yeye."

Yeye alikuwa Miritini, kando ya lori, anakula muhogo wa kukaanga, hana habari.

Manahodha wengi chombo huenda mrama, ndiyo. Lakini nahodha mmoja asiyeshika simu naye alitugharimu. Kilichonifungua macho nilikiona Jumapili moja ufukweni Mama Ngina, nimekaa na watoto tukitazama meli ikiingia. Boti ndogo iliisogelea, rubani akapanda kwa ngazi ya kamba. (Siku hizi tukisema rubani twawaza ndege, lakini neno hili ni la baharini tangu zamani.) Yule rubani wa bandari anakijua kina na mikondo ya mlango ule kuliko nahodha aliyetoka Mumbai. Akisema pinda, meli inapinda. Nahodha hashuki wala halali: chombo bado ni dhamana yake, na akiona hatari ataingilia. Meli ikishafungwa gatini, rubani huyo anakwenda zake.

Jumatatu nikamweleza Mzee hivyo hivyo. Tukagawana kwa hatua: dada wa hati anaongoza mpaka ushuru ulipwe, kisha kijana wa bandarini, kisha mimi na malori. Lakini kila kontena lina jina moja ubaoni, la mtu atakayemjibu mteja mwanzo hadi mwisho, hata kazi ikiwa mikononi mwa mwengine. Na makabidhiano ni ya maandishi kwenye grupu la WhatsApp: namba ya kontena, "nimekukabidhi", "nimepokea". Asiyejibu hajapokea, hata kama alama za buluu zimewaka.

Lililokuwa gumu ni pesa. Nilimwomba Mzee kwamba anayeongoza hatua aweze kutumia hadi shilingi 20,000 bila kuuliza. Alibishana nami siku tatu. Nakwambia wewe unayetaka kujaribu haya kwako, hapa usilegeze. Mtu akiambiwa aongoze, halafu aombe nauli ya kwenda Shimanzi, bado ni tarishi.

Kwa wageni wa kazi mambo haya yangoje. Kijana mpya tulimkabidhi hatua mwezi wake wa kwanza, tukajuta sote, yeye zaidi. Na lori likipinduka barabarani, sitaki kikao, nataka mtu mmoja aamrishe na wengine wakimbie.

Mzee bado huchungulia ubao kila asubuhi kabla ya kuagiza kahawa. Wiki iliyopita alikuta jina lake kwenye kontena la mitumba, akauliza nani kaliandika. Nikanyosha mkono. Akavuta kiti, akampigia mteja.