Muulize Mwalimu: Vimondo vya Agosti vimenipita

Swali: Shikamoo Mwalimu. Redio ilitangaza mvua ya vimondo usiku wa Agosti 12. Nikapanda mwamba ulio nyuma ya nyumba yetu, nikakaa tangu saa mbili hadi saa nne usiku, nikaambulia ndege iliyokuwa inatua. Rafiki yangu anasema bila kwenda Serengeti hakuna giza. Hela hiyo sina. Niende wapi karibu na Mwanza? Na je, ninunue darubini?
*Msomaji, Mabatini*

Jibu: Marahaba mwanangu. Taa za Mabatini zina lawama yake, lakini hata Serengeti saa hizo ungerudi mikono mitupu. Vimondo hivyo, Perseidi, ni mali ya watu wa kaskazini mwa dunia. Sehemu ya anga vinakochomokea huchomoza kwetu karibu saa saba usiku, na hadi alfajiri inapanda theluthi tu ya njia ya kufika utosini. Redio husoma habari za Ulaya, hazimtaji mtu wa Mwanza.

Wewe subiri mwisho wa Julai. Kuna vimondo vinavyotokea upande wa kundi la Ndoo, Delta Akwaridi vya Kusini, ambavyo kilele chake ni karibu Julai 30. Saa tisa usiku chimbuko lake liko karibu na utosi wetu, na ni kiangazi, mawingu machache. Si vingi: penye giza la kweli huenda ukapata 15 au 20 kwa saa, vingi hafifu. Uzuri wake ni kwamba kilele ni kipana. Ukikosa leo, kesho vipo. Vya Desemba 14, Geminidi, ni vingi zaidi kwa mbali na huanza mapema, tangu saa tatu usiku, ila mvua za vuli zina kawaida ya kuviziba.

Kwa nini usiku wa manane? Dunia inakimbia kulizunguka jua, na baada ya saa sita upande wetu ndio unaotangulia. Kwenye basi, mvua hupiga zaidi kioo cha mbele.

Sasa giza. Mimi hununua dagaa Kayenze, na wavuvi wamenifundisha kalenda kuliko vitabu nilivyofundishia jografia. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikitoka, watu wanashona nyavu. Usiku wao ndio wako pia. Tazama kalenda ya Kiislamu ukutani: tarehe 27 hadi 7 hivi ni salama, kwa kuwa hata mwezi wa siku saba huzama karibu saa saba usiku. Tatizo ni kwamba usiku huohuo ziwa linawaka taa za wavuvi, siku hizi za sola, kali kuliko karabai. Kwa hiyo usikae mwaloni. Panda mwamba ulio ndani kidogo, ziwa likiwa mgongoni.

Kayenze inatosha, maana mji unabaki kusini. Ukiweza kulala Ukerewe, bora zaidi. Kamanga ng'ambo ya pili hapafai, taa za mji zinakutazama usoni; ukivuka, endelea ndani Sengerema. Kipimo changu ni Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota: mwisho wa Julai huchomoza mashariki kama saa nane usiku. Kikipanda vizuri, hesabu nyota zake. Ukifika sita bila kubahatisha, hapo pana giza. Usiwashe simu; macho huhitaji nusu saa kuzoea, na mwanga wa sekunde chache unakurudisha mwanzo.

Ufukweni usiku sipataki. Kiboko hutoka majini kula nyasi, na hana mzaha na aliyesimama katikati yake na maji. Tena mweleze mwenyekiti wa kitongoji mchana. Mgeni aliyelala juu ya mwamba saa tisa usiku ataulizwa na sungusungu, na "natazama nyota" ni jibu gumu kuaminika usipokuwa na mwenyeji.

Darubini usinunue. Inaonyesha kipande kidogo cha anga, na kimondo kinapita popote. Nunua mkeka, nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na chai ya chupa. Kama hela bado inakuwasha, lipia nauli ya rafiki yako wa Serengeti.