Ukinunua miksa ya nyumbani, anza na tundu la hedifoni

Miksa yangu ya kwanza, mashine ya dijei ya kuchanganya nyimbo, niliinunua kwa macho. Ilikuwa ya mitumba, chaneli nne (njia nne za kuingizia nyimbo), inametameta kama matatu ya jioni, na muuzaji wa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, akaniapia: "Bosi, hii imetoka majuu juzi tu." Kweli ilikuwa imetoka majuu. Nilipoitia kwenye stima nyumbani ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayemeza mate, kisha chumba kikajaa harufu ya plastiki inayoungua. Mgongoni, kwa herufi ndogo ambazo sikujisumbua kuzisoma, paliandikwa 120V. Stima yetu ni volti 240.

Fundi aliibadilishia transfoma ikafufuka. Kosa la pili ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu hilo halikuwa na fundi.

Naishi ghorofani, kwenye ploti ambayo jirani akipiga chafya unamwambia afya. Wiki ya kwanza, Mama wa chini alipanda ngazi na khanga yake begani, akasimama mlangoni kwa upole unaoaibisha kuliko matusi. "Kijana wangu, mtoto ndiyo amelala saa hii." Nikazima spika, nikavaa hedifoni. Hapo nikagundua kwamba ile miksa ilinipa hedifonini chaneli ninayoiandaa tu. Wimbo uliokuwa ukiendelea kwenda kwa spika sikuweza kuusikia. Spika zikiwa zimezimwa, nilikuwa mpishi anayeonja chumvi bila mchuzi.

Kwa hivyo ushauri wangu unaanzia mahali ambapo wauzaji wengi hata hawapagusi. Mtu anayefanya mazoezi katika nyumba ya kupanga Nairobi ataisikia miksa yake kwa hedifoni karibu kila siku, na kwa spika mara mojamoja. Hata sheria iko upande wa Mama wa chini: kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja, na kiwango cha ndani ya nyumba za makazi usiku ni desibeli 35, sauti ya watu wanaonong'ona. Gengetone, muziki wa vijana wa Nairobi, hainong'oni.

Na ukifikiria, hedifoni ni sehemu ya asili ya kifaa chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Alex Rosner wa New York aliunda miksa iliyopakwa rangi nyekundu, ikaitwa Rosie. Faida yake ilikuwa kwamba dijei aliweza kuusikiliza wimbo wa pili sikioni kabla wachezaji hawajausikia. Madoido na taa zilikuja baadaye.

Basi nenda dukani na hedifoni zako mwenyewe na simu mbili zenye nyimbo unazozijua kama sala. Tafuta nobu ya kuchanganya sauti ya hedifoni: upande mmoja chaneli unayoiandaa, upande wa pili muziki unaotoka. Ikiwa haipo, rudisha mkono mfukoni. Kuna zenye swichi ya kugawa pia, sikio moja wimbo huu na lingine ule, na mimi siku hizi siwezi kufanya kazi bila hiyo. Kisha pima nguvu. Hedifoni kama Sennheiser HD 25 zina omu 70 (kipimo cha ukinzani wa umeme), na miksa dhaifu huzisukuma kwa shida. Luthuli yenyewe ni maabara, kila duka linapiga ngoma yake: kama pale husikii wimbo wako vizuri, kwenye sherehe ya mtu hutasikia kitu. Mwisho simamisha muziki na upandishe sauti ya hedifoni hadi karibu na mwisho. Ukisikia "shhh" nzito kama mvua juu ya mabati, hiyo utaishi nayo kila usiku.

Chaneli mbili zinatosha. Najua utabisha, nami nilibisha. Una mikono miwili na nyimbo mbili. Chaneli ya tatu na ya nne kwangu zilikusanya vumbi. Pioneer DJM-450 na Allen & Heath Xone:23 ni za chaneli mbili na ni vifaa vya heshima. DJM-900NXS2 ina chaneli nne, ni ya klabu, na bei yake ni ya klabu.

Pesa zinazobaki ziende kwenye ikwalaiza, zile nobu za besi, kati na trebo, na kwenye feda, vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti. Punguza besi, kati na trebo zote hadi chini. Kuna miksa ambazo wimbo unatoweka kabisa, na nyingine zinaupunguza tu kwa desibeli 26 hivi, mzimu wake ukabaki kwa mbali. Zote zinafanya kazi, lakini ujue unanunua ipi, maana ukiingiza reggae juu ya ngoma nyingine bila kuiondoa besi ya kwanza, mabesi mawili yatapigana na wewe ndiwe utakayeumia. Feda nazo zisogeze polepole, kama unayefungua mlango usiku. Ikikwaruza, au sauti ikikatika sikio moja, imechakaa. Uliza kama krosifeda yake, kitelezi cha kuhama kutoka wimbo mmoja hadi mwingine, inabadilishwa; krosifeda aina ya Innofader huuzwa peke yake na huingia kwenye miksa nyingi.

Taa za kuonyesha kiwango cha sauti ziwe kwa kila chaneli, siyo za mwisho pekee. Ukicheza kwa sauti ya chini, macho ndiyo yanayokuambia kwamba wimbo mmoja umerekodiwa kwa nguvu kuliko mwenzake.

Wenye santuri, hakikisha kuna tundu la fono, lile la kuchomekea mashine ya santuri. Sindano hutoa milivolti tano hivi, na santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa, kwa hiyo ukiichomeka kwenye laini, tundu la vifaa vya kawaida kama simu, utasikia sauti nyembamba kama ya redio ya mkulima iliyoishiwa betri. Asiye na santuri aruke hapa.

Kuhusu stima, soma mgongo wa mashine kabla hujatoa hata shilingi. Iandikwe 100-240V, au 220-240V. Nunua pia gadi, ile ile ya friji, kwa sababu stima ikipotea kwetu hurudi na hasira. Na ukiwasha, miksa kwanza, spika mwisho. Ukizima, spika ndizo za kwanza. Ule mlipuko wa "dup!" ukiufuata mpangilio huu hautokei, na Mama wa chini hatapanda ngazi tena.