Gari limeshatoka kiwandani, mbona silipewi?

Dawati la Magari, maswali ya wasomaji, Novemba 2018

SWALI: Shikamoo mzee wa magari. Mi ni mtu wa Tanga ila kwa sasa naishi Hamburg, kazi yangu iko bandarini. Mwezi wa tatu mwaka huu nikajilipua nikaagiza gari jipya kabisa la spoti, milango miwili, injini ya petroli lita 2 yenye turbo, gia za manuali maana otomatiki siitaki hata ya bure, nikalipa arbuni na kwenye mkataba wakaandika litafika mwisho wa mwezi wa nane lakini tarehe yenyewe haiwafungi. Mwezi wa saba nikapigiwa simu naambiwa limeshatoka kiwandani, basi kwa furaha nikauza lile la zamani, na tangu siku hiyo kila nikiuliza jibu ni moja tu, bado cheti cha moshi. Sasa ni Novemba, nagombania treni kwenye baridi hii, na watu wa kazini wananiita bwana harusi asiye na bibi harusi. Naomba unijibu: moshi gani huo wa gari ambalo hata halijatembea? Kuna ubovu wananificha? Na nikiamua kudai hela yangu niondoke, ntaipata?
Mwana wa Tanga, Hamburg

JIBU: Marahaba kijana wangu, na pole na baridi. Tuanze na hiyo hofu ya ubovu ili ulale usingizi: kwa maelezo yako sioni dalili ya ubovu hata kidogo, na si wewe peke yako, Ulaya nzima mwaka huu ina watu wanaosubiri magari yaliyokwisha kutengenezwa na yamepangwa mahali yanakula vumbi.

Iko hivi. Zamani magari ya Ulaya yalipimwa moshi na ulaji wa mafuta kwa kipimo kinaitwa NEDC, ni cha tangu enzi za kina baba, dakika 20 kwenye rola za maabara, kilomita 11 tu, gari linabembelezwa kama yai, ndiyo maana namba zilizokuwa zinaandikwa kwenye matangazo hakuna dereva aliyewahi kuzipata barabarani. Halafu Septemba 2015 Wamarekani wakawakamata Volkswagen na ile programu yao ya kudanganya vipimo vya dizeli, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na uso wa kutetea vipimo laini. Kipimo kipya, WLTP, kilikuwa kimeshaandaliwa, ni dakika 30, kilomita 23, mwendo unapanda hadi 131 kwa saa, na juu yake kuna kupimwa barabarani kabisa na mashine imefungwa nyuma ya gari. Kwa aina mpya za magari kilianza Septemba 2017, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2018 ikawa kila gari jipya linalosajiliwa lazima liwe na namba za kipimo hicho. Tarehe yako ya kupokea gari ilikuwa mwisho wa Agosti. Umeona ulipoangukia?

Sasa ugumu hauko kwenye kipimo chenyewe, uko kwenye wingi. Zamani ukipima gari moja la kawaida umemaliza, vikorokoro alivyoongeza mteja havikuhesabiwa. Siku hizi rimu kubwa zinahesabiwa, tairi pana, paa la kioo, hata ile spoila ya nyuma, chochote kinachoongeza uzito au kinachobadilisha upepo unavyopita. Hawapimi kila gari moja moja, wanapima lile zito kabisa na lile jepesi la kundi moja la magari yanayofanana halafu ya katikati wanapiga hesabu, lakini kila injini na kila giaboksi ni kazi yake peke yake, na makampuni yote yamebanana kwenye maabara zile zile miezi ile ile. Hapo mi naona wewe umeumia mara mbili, maana gari la spoti lenye gia za manuali wanunuzi wake ni wachache, na ungekuwa wewe mwenye kiwanda ungeanza na lipi, hilo lako au lile la familia linalouzwa kila kona?

Na spoti zina mzigo mwingine. Injini nyingi za petroli za siku hizi zinapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, zina nguvu na zinakula kidogo lakini zinatoa masizi madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Mpaka juzi injini hizo ziliruhusiwa chembe trilioni 6 kwa kilomita, sasa ni bilioni 600, yaani wamekata mara kumi, na ili kufika hapo wengi wamelazimika kuweka kichujio kwenye egzosi kama kile cha dizeli. Kichujio maana yake egzosi mpya, kompyuta ya injini inapangwa upya, na vipimo vinaanza upya. BMW waliona bora waache kutengeneza M3, gari lao la spoti, mwezi wa tano kuliko kuihangaikia kichujio ilhali ilikuwa inakaribia mwisho wake. Porsche nao kuna kipindi mwaka huu walisimamisha kupokea oda za magari mapya Ulaya wakawa wanauza yaliyopo tu. Volkswagen walisema wenyewe kwamba magari kati ya laki 2 na laki 2 na nusu yanaweza kuchelewa, wakakodi sehemu za kuegesha kwenye ule uwanja mpya wa ndege wa Berlin, uwanja ambao tangu 2012 ulikuwa umeshindwa kufunguliwa kwa sababu mifumo yake ya kujikinga na moto ilikuwa haijapata kibali! Magari yasiyo na cheti yalilala kwenye uwanja uliokuwa hauna cheti, haki ya Mungu Wajerumani nao wana vituko vyao tukiacha sifa tunazowapa.

Kwa hiyo ukipiga simu shorumu usiulize tena litafika lini, yule muuzaji hajui na atakupa mwezi wowote ili ukate simu. Muulize hivi: je, injini yangu na giaboksi yangu ya manuali zimeshapata kibali cha KBA kule Flensburg, na COC ya gari langu imetoka? KBA ndio mamlaka inayotoa kibali, COC ni ile karatasi ya kiwanda inayosema gari hili linafanana na lile lililopewa kibali, na bila karatasi hizo ofisi ya kusajili haikupi namba hata ukilala mlangoni. Akikwambia kibali kimetoka bado COC, vumilia, umekaribia. Akikwambia hata kibali hakijatoka, hapo ndio uanze kufikiria mambo ya hela. Na jibu hilo alitoe kwa barua pepe, maneno ya simu hayakusaidii.

Kuhusu hela. Mikataba mingi ya magari mapya Ujerumani inafuata masharti ya aina moja: tarehe isiyofunga ikishapita wiki 6 unaruhusiwa kumtaka muuzaji kwa maandishi alete gari, baada ya hapo unampa muda wa mwisho wa haki, wengi wanaweka wiki 2, ukipita hajaleta unajitoa kwenye mkataba na arbuni yako inarudi. Wewe wiki 6 zimepita tangu katikati ya Oktoba. Soma mkataba wako uhakikishe ndivyo ulivyoandikwa, na kama mwanasheria unammudu mpe aupitie. Ila nakutahadharisha, ukijitoa ukaenda kuagiza kwa mwingine unaanza mwisho wa foleni ile ile, kwa hiyo barua iandike lakini mguu usitoe mpaka ujue unaenda wapi. Wengine nawajua waliandika barua hiyo hiyo wakaambulia gari la kutumia bure wakati wanasubiri, nawe liombe, unaona haya ya nini.

Kuna njia ya pembeni pia. Mwezi wa nane wauzaji wengi walijisajilia magari mapya yenye kipimo cha zamani kwa majina yao wenyewe kabla sheria haijawafungia mlango, ndiyo maana usajili Ulaya nzima Agosti ulipanda kwa zaidi ya asilimia 30 halafu Septemba ukaanguka kwa zaidi ya 23. Magari hayo yapo, hayajatembea, hayana kichujio kwa hiyo sauti yake bado ni ile ya kukutoa kijasho, na bei imeshuka kwa sababu kwenye kadi wewe utakuwa mmiliki wa pili. Ukikuta lenye rangi unayoipenda mi ningelichukua.

La mwisho, kodi, maana hili hawakwambii shorumu. Ujerumani, kwa sheria ya 2018, gari la petroli linalipa euro 2 kwa kila cc 100 za ujazo wa injini, na euro 2 kwa kila gramu ya kaboni inayozidi 95 kwa kilomita. Magari yaliyosajiliwa kuanzia 1 Septemba yanatumia namba za kipimo kipya ambazo kwa kawaida ni kubwa zaidi. Tuseme lako la lita 2, yaani cc 2,000, zamani lingeandikwa gramu 158, ungelipa euro 166 kwa mwaka, sasa likiandikwa 186 ni euro 222. Hazitakufilisi, ila ziweke kwenye hesabu.

SWALI: Anko habari. Mume wangu aliweka akiba yetu kwenye gari la spoti na sasa ananiambia gari lipo lakini halitoki kwa ajili ya vipimo vya moshi. Mi naona ananizuga. Kuna kitu kama hicho kweli?
Mke wa mtu, London

JIBU: Nzuri mama. Kitu hicho kipo, soma majibu ya huyo kijana hapo juu, na Uingereza sheria ni ile ile na tarehe ni ile ile. Muombe tu akuonyeshe fomu ya oda na barua pepe ya shorumu yenye namba ya chasisi ya gari, anayesubiri kweli anayo na kila usiku anaifungua kuiangalia. Kama akiba ilitakiwa kwenda huko au la, hilo mkalizungumze nyumbani, mi nisije nikavunja ndoa ya watu.

SWALI: Niko Nairobi, nataka baada ya miaka mitatu minne nilete spoti moja kutoka Ulaya zikishashuka bei. Hizo filta mpya za petroli zitatusumbua kwa hii jam yetu? Fundi wangu anasema tutaing'oa tu.
Petrolhed wa South C

JIBU: Kwanza tafuta ya Uingereza, hiyo ya Hamburg usukani uko kushoto na Kenya hawakusajilii, halafu uhakikishe haijapita miaka 8. Filta ya petroli si msumbufu kama ya dizeli kwa sababu moshi wa petroli una joto zaidi, ukiachia pedali ya mafuta kwenye mteremko hewa inaingia na masizi yanaungua yenyewe bila wewe kujua. Kinachoiua ni safari fupi fupi za jam injini haijapata moto na oili ya bei rahisi, maana majivu ya oili yakiingia humo hayaungui tena. Kwa hiyo oili weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na wikendi lipeleke Naivasha likapumue. Kuing'oa usithubutu, kuna sensa inayopima presha kabla na baada ya filta, ukiitoa taa ya injini inawaka na gari linapunguza nguvu, halafu huyo fundi atakuuzia programu ya kuizima na utarudi kwake kila mwezi. Mafuta yetu bado yana salfa nyingi kuliko ya Ulaya ambako petroli haizidi 10 kwa milioni, kwa hiyo jaza kituo chenye wateja wengi ambako mafuta hayalali tangini. Na kabla hujatuma hata senti tafuta garaji ya Nairobi yenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari hilo hilo unalolitaka, ukiikosa badilisha gari.