Tunaomba Pamoja, Lakini Tunaanguka

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 27, nimepanga chumba kimoja Ngamiani, hapa Tanga. Mahari nimeshatoa, harusi inangoja michango. Mchumba wangu akija jioni tunapika, tunakula, tunaomba, kisha tunaanguka. Tumefunga, tumetubu, hali ni ileile. Tufanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Amina, ndugu yetu. Kuomba hamjakosea, mmekosea mahali pa kuombea. Chumba kimoja, kitanda ndicho kiti, mlango umefungwa, saa tatu usiku: mkesha wa namna hiyo mwisho wake unajulikana.

Yusufu watu humkumbuka kwa vazi aliloliacha mikononi mwa mke wa Potifa. Someni na Mwanzo 39:10. Kabla ya siku ile alikuwa akikataa hata kukaa naye. Nanyi amueni mchana, akili zikiwa zimetulia, si mkiwa mmeshakumbatiana. Kuanzia wiki hii asiingie chumbani kwako, hata kama amefuata chaja tu. Kutaneni ufukweni Raskazone jua halijazama, au sebuleni kwao wazee wakiwepo. Simu nayo msiisahau, maana meseji za saa sita usiku ndizo zinazopika ya kesho. Agianeni saa tatu, simu ilale mbali na kitanda.

Mtakapolegea, mara nyingi itakuwa siku ya mvua, au siku mliyogombana mkapatana. Kwa siku hizo kila mmoja awe na mtu wa kumpigia: wewe mzee wa kanisa, yeye mama mlezi. Si rafiki mwenye shida hiyohiyo, huyo mtafarijiana tu. Awe mtu wa kukuuliza kila Jumapili bila kuzunguka, "Wiki hii alikuja kwako?" Mkianguka, 1 Yohana 1:9 ipo, tubuni siku ileile, msingoje kongamano.

Sasa hiyo harusi. Katika 1 Wakorintho 7:9 Paulo anasema ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa. Ukumbi na kamati hakuvitaja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa siku 21 kabla ya ndoa, ukumbi haidai. Mwoneni mchungaji, mfunge ndoa kanisani, sherehe ifuate fedha zikipatikana. Wazazi watanung'unika, hasa walioanza kushona sare, kwa hiyo mshenga atangulie kuzungumza nao kabla tarehe haijasomwa kanisani.