Shangazi Anajibu: Mtoto ana sikoseli, mume hataki kupima

SWALI
Salaam Shangazi, mi niko Jinja huku Walukuba. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka miwili, alivimba vidole vya mikono na miguu akawa analia usiku kucha, hospitali wakampima wakasema ni sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, SS. Sista aliniambia palepale kwenye korido watu wamejaa, eti nyie wazazi ni AS, ni mmoja kati ya wanne, halafu akaita mgonjwa mwingine. Sasa mama mkwe anasema kwao ugonjwa huo haupo, nimeuleta mimi. Mume kanyamaza tu, nikimwambia akapime anatoka nje. Mi nilitaka tuzae haraka, maana kama ni mmoja kati ya wanne si huyu ameshatokea, watatu wanaofuata si watakuwa wazima?
Mama wa Walukuba

JIBU
Pole sana mwanangu. Habari nzito kama hiyo haisemwi kwenye korido, ulitakiwa ukalishwe chini, mlango ufungwe, upewe nafasi hata ya kulia kwanza, maana mtu akishasikia "mtoto wako ni SS" yanayofuata hayasikii tena.

Nianze na hilo la watatu, tafadhali usizae kwa hesabu hiyo. Chukua sarafu mbili za 500, moja yako moja ya mumeo, upande wa ndege uite S, yaani urithi wa sikoseli, upande wa nembo uite A, urithi mzima. Zirushe pamoja. Ndege wawili ni SS, ndiye mgonjwa, yule mmoja kati ya wanne, nembo mbili ni AA, zikichanganyika ni AS, na AS kwa kawaida haumwi. Mimba nyingine ni kurusha upya kabisa, yaliyotokea kwa huyu hayapunguzi wala kuongeza kitu. Wapo waliopata wagonjwa wawili mfululizo, wapo wenye wanne wote wazima.

Sasa mama mkwe. Mtoto wa SS kachukua S moja kwa mama na moja kwa baba, hawezi kuzipata zote kwako. Kwao hawakuona ugonjwa kwa sababu mwenye AS anaishi hadi uzee bila kujua. Uchunguzi wa nchi nzima wa 2014 na 2015 ulipima damu ya watoto wadogo zaidi ya 97,000 hapa Uganda, na kama 13 katika kila 100 walikutwa na AS, kwa hiyo ni koo nyingi sana hizo, si kwenu tu. Ila usimwambie mama mkwe hayo ukiwa na hasira, na usiyaseme peke yako, ayasikie kwa mtoto wake mwenyewe.

Ndo maana mumeo ndiye wa kuanza naye. Mi naona anyamazaye hivyo mara nyingi anaogopa, akisikia "nenda kapime" yeye anasikia "kubali kosa". Ongea naye siku mtoto anacheza vizuri, si siku ya maumivu. Mwambie, "Baba fulani, mi sikuelewa yote niliyoambiwa, twende wote ukanisaidie kusikiliza." Sema "tumempa wote bila kujua", usiseme "umempa".

Mkifika kliniki ya sikoseli ombeni kaunsela, chumbani. Kaunsela mzuri huongea pia na kila mmoja peke yake kabla ya damu kutolewa, kwa sababu majibu yanaweza kugusa hata suala la nani baba wa mtoto, na mambo hayo hayafai kumkuta mtu ghafla mbele ya mwenzie (sikushuku mwanangu, kila mama anapaswa kuambiwa). Mkiulizwa "mmeelewa?" msijibu ndiyo, mrudishieni kwa maneno yenu mlichosikia, akiona mmekosea atarekebisha. Na kuzaa au kutozaa si yake kuamua wala si ya mama mkwe. Muulizeni pia kipimo gani kitatumika, kuna kile cha haraka kinachoonyesha S ipo tu, hakitofautishi AS na SS.

Kwa sasa mtoto anywe maji ya kutosha, alale kwenye neti, dawa za kliniki asikose, na homa ikimpanda hata saa nane usiku mpeleke hospitali, usisubiri kupambazuke.