Keki inayodidimia katikati

Dada, umesema keki yako, ya maelekezo ya London, huumuka vizuri kisha hudidimia katikati, na Jumamosi unataka kumwokea mwanao ya tabaka tatu. Usiilaumu mikono yako. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, keki hupanda upesi kabla unga haujashika. Beking pauda ya kijiko kimoja cha chai ifanye robo tatu. Ongeza maziwa vijiko vikubwa viwili, moto uzidi kidogo. Mimi huchoma kijiti cha meno katikati: kikitoka na ujiuji, nairudisha dakika tano. Na tafadhali, usifungue oveni mapema! Oka tabaka moja leo, uione ikisimama.